Micah Kosgei na Gundi ya Kuvumilia Maji

Ndugu na majirani mliofika hapa Subukia, tulieni tuwasomee safari ya mtoto wetu Micah Kosgei, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1936 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, hapahapa, na mama yake husema alilia mpaka nyapara akagonga ukuta akiuliza ni nani anachinjwa humo.

Alisoma shule ya misheni, akapata nafasi ya kwenda India mwaka 1958 kusomea kemia, akarudi Januari 1964, na Jayantilal, daktari wa meno mjini Nakuru, akampa chumba cha nyuma ya kliniki yake, wapate kutengeneza gundi ya kushikisha jino lililovunjika bila kulichimba shimo.

Kazi hiyo alitueleza jikoni, uji ukiwa motoni, kwamba gundi ina kichwa cha asidi kinachouma jino na mkia unaoganda, na asidi haiumi bila maji, lakini maji hayohayo yakikaa nayo kwenye chupa hukata kiungo cha katikati polepole, kichwa kikaenda huku, mkia huku, gundi ikafa na ukiitazama bado ni safi.

Tarehe 10 Desemba 1966 alimwoa Cheptanui wa Olenguruone, aliyekuwa amevunjwa jino la mbele na teke la ng'ombe, na wiki hiyo ya harusi Micah akalijenga upya kwa gundi iliyokaa dirishani tangu Septemba, maana aliiona safi, na Cheptanui alipopewa maziwa ya kibuyu mbele ya wazee, jino likabaki kikombeni. Shangazi mmoja akasema huyu daktari wa chupa atatuzeesha na mapengo, watu wakacheka, na tangu siku hiyo Cheptanui hakucheka tena bila mkono mdomoni.

Walijaliwa Kiptanui mwaka 1968 na Jeruto mwaka 1971, wakahamia Lanet, na mama yake Micah akawa anampelekea mataya ya ng'ombe kutoka bucha, kwa kuwa gundi aliijaribu kwa meno ya ng'ombe kwanza, majirani wakiuliza supu iko wapi, na kila baada ya miezi michache Jayantilal akimwambia, bila kumtazama usoni, chupa imekufa tena, Bwana Kosgei.

Mwaka 1975 alikibadilisha kiungo chenyewe, akatia kingine ambacho maji yasingepata pa kukikata, akachanganya na maji, akaweka chupa dirishani, akakataza isiguswe mpaka ipite misimu miwili ya joto. Ndipo figo zikaanza kumshinda. Jayantilal alimsihi wafungue mapema, angalau aone kwa macho yake, naye akakataa.

"Mapema, ikiwa bado mpya, hata ile ya harusi ilishika," akasema.

Tarehe 2 Machi 1977, akiwa amelazwa Nakuru, miguu imevimba, misimu ikatimia, Jayantilal akalijenga jino la Cheptanui kwa chupa ile, na kesho yake Cheptanui akaja kitandani na hindi la kuchoma, mama yake Micah ameshika chuma cha kitanda.

"Toa mkono, mama Kiptanui," Micah akasema. "Uma."

Akauma, akatafuna, akauma tena, na jino likakaa. Micah alituacha tarehe 5, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lanet, na Jayantilal aliyefunga kliniki leo awe nasi. Cheptanui analia hapa mbele yenu, na mikono yake iko mapajani. Micah, lala sasa, chupa haijafa.