Historia ya Mama Kesho, Mwalimu wa Darasa la Mwisho

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye niliyemfuata marehemu ziwa, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu, wanasema, sauti yangu haitetemeki, basi tutaona.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga, na tangu utotoni alikuwa akitupanga mstari kwenda kuoga na kutuita majina kama karani, kwa hiyo aliposema atakuwa mwalimu hakuna aliyeshtuka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1979, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1986 akahitimu masomo ya elimu maalumu.

Tarehe 5 Januari 1987 aliripoti katika shule ya sekondari yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu, akakabidhiwa darasa la mwisho, na hakulihama mpaka alipostaafu tarehe 3 Septemba 2021. Aliona mapema kwamba wengi wao, wakishapewa cheti na kupigiwa makofi, walirudi nyumbani kukaa uani, basi, maisha yakaishia hapo, ndipo akaanza kumuuliza kila mmoja, ukimaliza shule, kesho yake asubuhi unaamka unakwenda wapi, mpaka wakambandika jina la Mama Kesho. Aliwafundisha kupanda basi peke yao, kutunza funguo, kusoma ratiba ya zamu, kumwambia bosi hapana, akawazungusha kwa mafundi, kwenye viwanda vya mikate na maktaba, hadi waajiri wengine wakimwona kwa mbali wanajificha.

Hakuwa malaika, na nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka 1994 alimtafutia kijana mmoja kiziwi kazi kwa fundi cherehani, akamsemea kila kitu, hata kwamba anapenda mno kushona, na siku ya nne kijana akaacha kazi, kwa sababu alichotaka ni kutengeneza baiskeli na hakuna aliyemuuliza. Dada alilia, akaenda kumwomba radhi kwa lugha ya alama, na tangu hapo kanuni yake ikawa kwamba mwanafunzi ndiye anayeongea kwanza, kwa mdomo, kwa mikono au kwa picha, na mwalimu ananyamaza. Kijana yule leo ana karakana yake.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mpiga chapa, shemeji yetu mcheshi aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, fundi umeme, muuguzi, na kitindamimba wao, binti aliyezaliwa mwaka 1996 akiwa na ulemavu wa akili. Na hapa, jamani, mganga hajigangi, maana mwalimu huyu aliyewafundisha watoto wa watu kuvuka barabara alimshika wake mkono hadi ana miaka ishirini na sita, akimkatia mkate, akimjibia salamu, na ukimgusia hilo alinuna siku mbili.

Februari 2022 figo zake zilianza kushindwa, na alipotoka kwa daktari hakuuliza habari ya dawa, aliuliza huyu mtoto nitamwacha na nani. Sisi ndugu tukaanza kugombana, kila mmoja anamtaka kwake, mimi nikiwa na kelele kuliko wote, mpaka akatukalisha sebuleni akasema aulizwe mwenyewe. Kabla binti hajajibu nikafungua mdomo nimsaidie, dada akanikata jicho ambalo wanafunzi wake wanalijua, nikaufunga. Ndipo binti akasema hataki kwenda kwa mtu, anataka chumba chake, na kazi ya kukunja nguo kwa dobi.

Muda uliobaki, katikati ya siku za kusafishwa damu, dada aliutumia kumfundisha, na nadhani hakuwahi kupata mwanafunzi aliyemtesa hivyo, kwa sababu aliyekuwa mzito wa kujifunza ni mama mwenyewe. Siku ya kwanza ya kazi ya binti, dada alimfuata akijibanza kwenye kuta, binti akageuka, akamwambia arudi nyumbani, akarudi analia na kucheka.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani, ambao naona wamejaza nusu ya viti hapa.

Asubuhi ya leo, nakiri mbele yenu kwa aibu, tulimsahau binti yake, gari la kwanza likidhani yuko kwenye la pili, la pili likidhani yuko kwenye la kwanza, tukagundua katikati ya njia, tukageuza roho mkononi, tukakuta mlango wake una kufuli. Tulipofika hapa, tumechelewa, tunahema, tulimkuta ameketi kiti cha mbele, amepanda mabasi mawili na kumuuliza kondakta njia, amefika kabla ya jeneza.

Pumzika sasa, dada. Mwanao amekuja mwenyewe.