Maisha ya Mzee Cleophace Byarugaba, Aliyeomba Watu Watulie

Marehemu Mzee Cleophace Byarugaba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 Isingiro, Kyerwa ya sasa, mtoto wa pili wa marehemu Elpidius na marehemu Adelgunda.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Isingiro na sekondari Bukoba. Mwaka 1981 alihitimu Mwanza mafunzo ya kupiga picha za eksirei.

Alitumikia hospitali moja ya misheni hadi alipostaafu mwaka 2018. Siku moja ya mwaka 1987 alikuwa akimpiga picha ya kifua Bibi Kokwijuka wa Nyaishozi. Alikwisha kumwambia azuie pumzi, ndipo jirani wa bibi huyo akachungulia mlangoni: "Shikamoo, mama."

Bibi akageuka. "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo, mkeo hapiki?"

Picha ikatoka na ukungu, na daktari akadhani ni kifua kikuu. Bibi alimeza dawa wiki tatu, majirani wakimkwepa, hadi marehemu alipoomba picha irudiwe. Kifua kilikuwa safi.

Marehemu hakujisamehe. Tangu hapo hakusalimu wala kuitikia mtu awapo kazini, asije akamtikisa mgonjwa. Mazoea hayo yakamfuata hadi njiani. Watu wakamwita Hanasalamu.

Tarehe 9 Juni 1990 alifunga ndoa na Sperancia, wakajenga nyumba huko Ndama. Mama huyo alisalimu kwa niaba ya wote wawili: "Mimi na huyu bubu wangu tunawasalimu." Watu wakacheka, naye marehemu akatabasamu. Sperancia alipofariki mwaka 2009, nyumba ilinyamaza.

Mwaka 2023 kichwa chake kilianza kutetemeka. Alipopelekwa Mwanza kwa kipimo cha MRI, picha tatu ziliharibika kwa kuwa hakuweza kutulia.

"Mzee, hizi zinatosha," mpimaji alimfariji.

"Mwanangu, hizo hazisomeki. Nifunge kichwa."

Akafungwa mikanda. Picha ya nne ilionyesha uvimbe uliokwisha kuenea.

Alirudi Ndama, akauguzwa na binti yake. Waliokuja kumwona walikuwa wachache. Alipokea sakramenti ya mpako wa wagonjwa, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha binti mmoja, Avelina, mjukuu mmoja na dada yake, Placidia. Siku za mwisho alimwambia Avelina: "Waambie sikuwa na majivuno." Ndugu zetu, tumewaambia. Aliyeumizwa na ukimya wake, tunamwomba amsamehe.

Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko la amani.