Simbole Kwenye Shingo ya Direkta

Bandugu na badada, mukae vizuri. Leo tunaombea badirekta bapya ba shule zetu, na mi nimeomba niseme mbele ya maombi, ju nilikuwaka direkta hapa kwa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, na niliharibu. Sitataja jina ya muntu. Mwenye makosa munamuona, njo huyu amesimama.

Miaka ile ya tisini katikati tulikuwa bapya hapa. Eh, ninaikumbuka ile shule! Tablo moja ya mbao ya kuandikia, tunaipaka unga mweusi wa betri za redio. Batoto banakaa chini kwa vumbi, asubuhi banaimba mpaka bantu ba vijiji banasimama kusikiliza. Hatukukuwa na kitu, lakini nabaambia, ile furaha sijaipata tena.

Mi nilitoka Uvira na kalamu mbili na kiburi ya kujaza lori. Bakanichagua direkta, na kitu ya kwanza nilileta njo simbole. Benye banaijua banacheka, ninabaona! Ni kipande ya mti yenye kamba. Mwanafunzi akisema luga ya nyumbani pahali pa Kifaransa, anavalishwa shingoni, anashinda nayo mpaka mwengine akosee. Kwetu njo tulivyolelewa, nikazani njo kuongoza.

Siku moja mtoto mdogo akaanguka, goti ikatoka damu. Madamu wake, mwalimu Murundi mmoja mpole, akamubeba: "Hora, mwana wanje, hora." Nyamaza, mwanangu. Kirundi hiyo! Nikachukua simbole, nikamuvalisha madamu mbele ya banafunzi bote. Hakubisha. Alifundisha nayo mpaka saa ya kutoka, akaiweka kwenye meza yangu, akasema, "Direkta, kwaheri." Kesho yake hakuja. Juma ile balimu batatu bakamufuata, na batoto bengine nyuma yao. Bakubwa ba kambi bakaniita: mwezi ukiisha bila balimu, shule inafungwa.

Niliogopa sana. Nikazani nikileta chaki na vitabu, balimu batarudi. Nikavaa koti yangu, nikashika minibasi mpaka Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa ofisi moja yenye ilisaidia shule. Mama mkubwa wa ofisi akanipa kiti. Sasa, Kingereza yangu niliitoa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, kwa heshima. Nikasema, "Madamu, ai dimandi chaki! Ai dimandi vitabu!" Kumbe kwa Kingereza ile ni kudai kwa nguvu! Mama akaweka kalamu yake chini. Mi nikazani hajasikia, nikarudilia kwa sauti zaidi. Akasimama, akanionyesha mulango.

Kwenye geti mulinzi, Mumalawi, alikuwa amesikia yote. Alicheka kwanza, kisha akanipa maji. "Pepani, bambo," akaniambia. Pole, baba. Akaisema kwa luga ya nyumbani kwake, na hapo njo nililia, muntu mzima na koti. Neno kama ile ile madamu alimupa mtoto, na mi nilimuvalisha madamu mti ju ya neno hiyo.

Nilirudi mikono mitupu, nikaenda kwa madamu. Alikuwa anasonga nsima, ugali ya huku.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha. Uturudilie, shule inakufa."

Hakuacha mwiko. "Direkta, uliniaibisha mbele ya batoto. Hiyo musamaha uiombe mbele yao."

Kesho yake, kwenye mustari wa asubuhi, mbele ya batoto, nikaomba musamaha, nikavaa simbole mi mwenyewe. Batoto balicheka mpaka bakaanguka! Nilifundisha nayo siku nzima, shingo inawasha. Saa ya kutoka madamu akaja, akaitoa. "Birahagije," akasema. Inatosha. Kamba akaniachia, mti akaupeleka kupikia maharagi. Juma ile balimu bakarudi, na shule haikufungwa.

Aksanti, madamu, uko mbali sasa lakini ninakukumbuka. Zikomo, aksanti na wewe, mulinzi, sikukuuliza hata jina. Na nyie badirekta bapya, ndugu zangu, mbele ya kumuhukumu mwalimu, muangalie kwanza alikuwa anamufariji nani. Mukikosea mbele ya bantu, murudi mbele ya bantu.

Kamba ya ile simbole ingali kwangu. Njo hii ninafungia Biblia yangu, ju jalada imechoka. Sasa tusimame tuombe, kila muntu kwa luga ya mama yake.