Pua ya Lulu: Maisha ya Damas Mwilambwe, 1934–1988

Padri, ndugu wa ukoo, majirani wa Kikula, wafanyakazi wenzake wa zamani wa limonaderi, na wewe Mama Clotilde uliyekubali kuja: poleni na msiba. Karatasi mliyo nayo mkononi imeandikwa na Gertrude, binti wa kwanza wa marehemu, na ndiye anayeisoma. Mmezoea kusikia kwenye maziko kwamba marehemu hakuwahi kumkosea mtu. Leo mtavumilia kidogo, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe hivi.

Damas Mwilambwe alizaliwa Kakontwe tarehe 12 Machi 1934, mtoto wa pili wa Octave Kitenge, mvunja mawe katika machimbo ya chokaa, na Émérence Ngoie. Bibi Émérence alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka minne hivi, mtoto huyu aligoma kula bukari, ugali wa nyumbani, akisema ina harufu ya panya. Alichapwa, akalala na njaa. Kesho yake panya aliyekufa alikutwa chini kabisa ya mfuko wa unga. Tangu siku hiyo bibi hakufungua mfuko mpya bila kumwita Damas aje anuse kwanza.

Alisoma kwa mapadri mjini, wakati Likasi ikiitwa Jadotville, kuanzia 1942 hadi 1949. Hesabu ilimpiga chenga. Lakini ilitosha mwalimu aingie darasani akitafuna majani ya mnanaa ili Damas amnong'oneze jirani yake kuwa mwalimu amekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Alinong'ona kwa sauti kubwa mno, akafukuzwa majuma mawili.

Tarehe 2 Februari 1953 aliingia kazini katika limonaderi, kiwanda cha vinywaji cha Bwana Vassilis, Mgiriki aliyetengeneza kinywaji cha machungwa kiitwacho Perla. Alianza kwa kubeba makreti. Wakati ule, kama sasa, hukupata chupa iliyojaa bila kurudisha chupa tupu, tunazoziita vidange, na watu waliweka kila kitu ndani ya vidange: mawese, petroli ya taa, dawa ya kikohozi, lutuku. Mashine ya kuosha iliondoa uchafu unaoonekana. Mafuta na petroli yalibaki yamenata kwenye kioo, na chupa moja ya namna hiyo ilitosha kumfanya mteja aapishe ukoo mzima kutokunywa Perla tena. Kwa hiyo kabla ya mashine palikuwa na meza ndefu, na mezani mtu wa kunusa chupa moja moja. Mwaka 1955 mnusaji wa zamani aliugua, Damas akakalishwa pale kwa siku tatu. Alikaa miaka ishirini na tisa.

Hapo ndipo alipompata mama yetu. Berthe Kyabu alileta vidange sita za shangazi yake, Damas akakataa moja kwa sababu ya mawese. Berthe aliirudisha kesho yake imesuguliwa kwa majivu. Ikakataliwa. Mara ya tatu alikuwa ameichemsha kwa ndimu, akamsimamia mezani mkono kiunoni. "Na leo utasema nini?" Damas alinusa, akasema chupa ni safi lakini mwenyewe ananuka hasira. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1958. Walijaliwa watoto watatu, na kampuni ikawapa nyumba Kikula, ile ya kona, ng'ambo ya barabara kwa Placide na Clotilde, watu wa asili ya Kasai waliokuja na wazee wao kwa kazi ya migodi.

Mwaka 1969 kampuni kubwa za Lubumbashi zilikuwa zikileta vinywaji vyao kwa treni, na Bwana Vassilis akaona atamezwa. Ndipo alipopata wazo lililomfanya baba yetu ajulikane, na ambalo baba yetu alikuja kulilaani. Alimpandisha juu ya lori uwanjani siku ya mechi, akamfunga kitambaa machoni, akaweka mbele yake chupa kumi zilizooshwa. Moja ilikuwa imewahi kubeba petroli. Damas alinusa, akaitoa ya saba, na uwanja mzima ukapiga kelele kuliko ulivyopiga kwa bao. Walirudia mchezo huo katika vitongoji vya Panda, Shituru, hata Kamatanda. Fundi alichora ukutani karibu na soko: mwanamume mwenye chupa puani, na chini yake maneno ya wimbo wa lori, ambayo kila mtoto wa Likasi aliyajua kabla ya sala ya Baba Yetu: "Damas ananusa, mutoto anakunywa." Perla iliuzwa mpaka makreti yakakosekana.

Mwaka 1972, watu walipoamriwa kuacha majina ya ubatizo, Perla nayo iliitwa Lulu, na kwenye karatasi za kazi baba akawa citoyen Mwilambwe, yaani raia Mwilambwe, bila Damas. Ukutani walibadilisha jina la kinywaji tu, Damas akabaki, maana hakuna aliyetaka kuimba upya. Mwishoni mwa 1973 serikali ilimnyang'anya Bwana Vassilis limonaderi, kama wageni wengine, ikampa mkubwa mmoja aliyekuja mara mbili, mara ya pili akaja kuchukua malori. Soda ya kuoshea, ile dawa kali ya kusafishia chupa, ikawa inakuja mwezi huu, mwezi ujao haiji. Chupa zilipopungua, kampuni ilitangaza inapokea vidange yoyote kutoka kwa mtu yeyote. Mtu pekee aliyesimama kati ya vidange hizo na midomo ya watoto alikuwa Damas.

Tarehe 17 Septemba 1976 bomba la mpira la mashine ya kuosha lilipasuka, mvuke wa ile soda kali ukampiga usoni. Alilala hospitali majuma matatu. Aliporudi nyumbani ngozi ilikuwa imepona, na mama alikuwa wa kwanza kugundua lingine. Alimwacha karibu na mbabula, jiko la makaa, yenye sufuria ya maharagwe, akaenda kuchota maji. Alipokuja, maharagwe yalikuwa makaa na nyumba imejaa moshi wa kuungua, na Damas ameketi palepale akishona kiatu. "Damas, hausikii harufu?" Baba alilia, na sisi watoto hatukuwa tumewahi kumwona akilia.

Pua ilikuwa imekufa. Angeweza kusema. Angerudishwa kubeba makreti, nyumba ingekwenda kwa mwingine, na uso wake ungebaki ukutani watu wakiucheka. Alirudi mezani. Akawa anaangalia chupa kwa macho, akimtazama anayeileta, akikisia. Kwa muda wa miaka mitatu bahati ilimbeba, na mama alinyamaza pamoja naye.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 3 Juni 1979, Angèle Ngalula, mtoto wa Placide na Clotilde, alipokea komunyo ya kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akikusanya vizibo vya Lulu ndani ya kopo la maziwa, kwa sababu kampuni iliahidi baiskeli kwa atakayepata kizibo chenye nyota, na kila jioni alikuja kumwuliza Papa Damas kama nyota imepita. Baba alimpenda kama wetu. Alivuka barabara na kreti moja begani, zawadi yake. Watoto walimzunguka wakimwimbia ule wimbo wa lori, naye akafanya alivyofanya siku zote: akafungua chupa ya kwanza, akaipeleka puani, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kunywa, mama."

Angèle alikuwa na kiu ya misa ndefu. Alikunywa mafunda manne bila kupumua, kisha akasema inawasha. Clotilde alimpokonya chupa, akainusa, akapiga yowe. Alipoiachia ili amshike mtoto, aliyeidaka ni mama yetu Berthe, naye akanusa. Ilikuwa na harufu ya dawa ya wadudu, ile ya mashambani. Angèle alifariki kabla ya saa kumi na moja jioni, akiwa bado na gauni lake jeupe.

Usiku ule mama alimwambia baba waziwazi: "Minye nilinusa. Ile chupa ilikuwa inanuka. Ni dawa." Gertrude alikuwa nyuma ya pazia, ana miaka kumi na tisa, na alisikia. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba baba hakujua.

Tarehe 26 Juni Clotilde na baba waliitwa tribunalini, mbele ya hakimu. Clotilde alisema alichosema tangu dakika ya kwanza, kwamba chupa ilinuka. Mwanasheria wa limonaderi alisema sumu ilitoka nyumbani kwa Clotilde, ambako pamekutwa kopo la dawa ya wadudu wa mahindi, kama yalivyo makopo hayo katika kila nyumba ya Kikula. Chupa ililetwa imefungwa kizibo. Hakimu hakutaka kuisogelea.

"Minye siko mutaalamu," alisema. "Citoyen Mwilambwe, weye ndiye mwenye mapua. Unusie tribunali."

Clotilde alimgeukia. "Papa Damas, unisaidie. Useme tu kile kiko mule."

Baba aliinusa. Kwa pua ile iliyokufa, mawese na maua yalikuwa kitu kimoja. Akasema: "Iko safi."

Mama Clotilde alifungwa miezi minne, kwa uzembe, walisema. Placide aliwachukua watoto wawili waliobaki, akarudi nao Mwene-Ditu, kwao Kasai, hakuandika tena. Gari la Lulu lilizunguka mji na kipaza sauti likitangaza kwamba hata mbele ya sheria Damas amenusa na Lulu ni safi. Walikiuza kifo cha mtoto yule. Kabla ya hapo Mama Clotilde alikuwa akiuza mikate asubuhi, ile ya mviringo ya kukaanga, na wafanyakazi wa zamu ya kwanza walipanga foleni kwake. Alipotoka hapakuwa na aliyekula kitu kilichopita mkononi mwake. Akageukia makala, yaani makaa ya kupikia, kwa kuwa makala hayaliwi. Ameuza makala miaka tisa.

Na miaka hiyo yote baba aliishi ng'ambo ya barabara. Mtu aliyesimama juu ya lori mbele ya uwanja mzima alishindwa kuvuka hatua kumi na mbili za vumbi. Binti yake anayesoma haya alimkasirikia, na bado anamkasirikia, na alimpenda. Yeye naye alinyamaza, na anaomba msamaha kwa hilo.

Limonaderi ilifungwa 1984. Mwaka 1986 baba alikwenda Kakontwe kwa miguu, akarudi na ndoo ya chokaa, akaupaka ukuta wa sokoni mpaka uso wake ukapotea. Mvua za Desemba ziliiosha chokaa, na uso ukarudi. Alipaka tena mara mbili, kisha kifua kikamzuia.

Daktari alisema mapafu yameliwa na mvuke wa miaka mingi. Alianza kulala hospitali Novemba 1987. Mwezi uliopita alimwita Gertrude aje na kalamu. "Siku nitakufa mutaandika karatasi," alisema. "Muandike na ile ya Clotilde. Mukiiacha, musisome kitu." Baba mdogo Mathieu alimpinga kaka yake: "Yaya, karatasi ya maziko haiko tribunali." Baba akamjibu: "Tribunali ilikuwa na bantu kumi. Kwa maziko bote batakuya." Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1988, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo isikike kwa wote: chupa ilinuka. Mama Clotilde alisema kweli. Kopo lake la dawa halikuhusika, mkono wake haukuhusika. Mwongo alikuwa huyu tunayemzika.

Ameacha mjane, Berthe Kyabu, aliyeruhusu kila neno lililosomwa, watoto watatu, Gertrude, Édouard na Simone, wajukuu wanne, mdogo wake Mathieu. Ameacha pia jirani mmoja, Clotilde, ambaye alimwachia mzigo aliopaswa kuubeba mwenyewe.

Jana tulivuka barabara, sisi na mama, tukamwuliza Mama Clotilde kama tunaweza kumalizia karatasi hii kwa maneno yanayomalizia karatasi zote: apumzike kwa amani. Aliitazama mikono yake iliyojaa weusi wa makala. Kisha akasema: "Munisomee kwanza mutoto yangu. Ya Papa Damas, minye siwezi kuisema. Nitapika mikate. Bantu bakikula, apumuzike."

Amepika tangu alfajiri. Beseni liko mlangoni mwa nyumba ya msiba, limefunikwa kitambaa cheupe. Mama Berthe atakula wa kwanza, na watoto wake baada yake.

Angèle Ngalula apumzike kwa amani. Kwa Damas Mwilambwe, tutajua tukifika kwenye beseni.