Betri Inayokwenda Hospitali

Kwenye Land Rover iliyoshuka asubuhi kutoka Newala nilikaa mkabala na Mama Esha, aliyekuwa akimpeleka binti yake kujifungua hospitali ya Mkomaindo. Pembeni yao kijana wa kampuni ya umeme wa jua, Fortunatus, alipakata betri kubwa iliyong'olewa kwenye zahanati ya kijiji cha kina Mama Esha.

"Na hiyo betri nayo inaumwa?" Mama Esha alimwuliza. "Naona tunakwenda wote hospitali."

"Naipeleka ikapimwe, mama, fundi wetu yuko hapo hospitali. Huu ni mradi wa chuo kikuu na kampuni yetu. Betri haijai kwa sababu mnapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, vumbi lake linatua kwenye paneli."

"Kwa hiyo tuache korosho, tule paneli? Nesi wa zahanati alitaka kupanda paani na kitambaa afute. Mkamkataza, eti haiguswi mpaka utafiti uishe."

"Ikifutwa, vipimo vya chuo vinaharibika, mama."

"Vipimo! Nesi anazalisha kwa kibatari, ninyi mnapima vumbi."

Fortunatus akasema mwakani kusini yote itawaka taa.

"Haya. Esha, mwambie mwanao asubiri mwakani."

Nilicheka na wengine, kisha nikamwona Esha amefumba macho, ameng'ang'ania ukingo wa kiti. Kicheko kikaniishia.

Gari liliposimama Mkomaindo, Fortunatus aliomba apishwe kwanza, betri isije ikatikisika. Watu wakampisha. Esha akasimama nyuma yake, akingoja, mkono kiunoni. Nilimpokea mfuko wake wa kanga.