Baba Yetu Mpasua Mbao, na Nge Wake Wasio na Mkia

Waombolezaji wenzetu, wazee wetu, majirani, na ninyi wa kiwandani mliokuja bado mna vumbi la mbao kwenye nywele, familia imenituma mimi, kitinda mimba na mtoto pekee aliyebaki, niwasomee maisha ya baba yetu, na wamenichagua kwa sababu kwenye ukoo huu hakuna mwenye sauti kama yangu, ingawa shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo nikijikwaa kwenye neno mnivumilie, mtanicheka mkifika makwenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975 alipomaliza darasa la saba, maana yake kwa elimu nimemzidi, jambo nililomkumbusha kila tulipogombana, naye hakukosa jibu, alisema yeye angalau alimaliza alichokianza.

Tarehe 2 Februari 1979 aliajiriwa kiwanda cha mbao, akaanzia kwenye uwanja wa magogo akibandua magome kwa shoka, akapanda hadi msumeno mkubwa, na hapo alidumu mpaka kifua kilipomtoa, msumeno huo leo ninaushika mimi, na ninaupitisha kwa unyoofu kuliko yeye, wenzangu wa zamu mnajua, msitikise vichwa.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa kantini ya kiwanda, ambaye husema alimkubali kwa sababu kati ya wanaume wote wa kiwanda kile ni yeye peke yake aliyerudisha sahani ikiwa imeoshwa, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1995, na mimi, mwaka 1999, ambaye mnaniona.

Dada yangu wengi wenu hamkumjua, kwa hiyo hapa sitapita haraka. Alikuwa akimpelekea Baba chakula kutoka kantini na kumsubiri juu ya rundo la magome, na siku moja ya Januari 2003 alifunua gome akapiga kelele iliyosimamisha watu kazi, "Baba, njoo uone, nge kakatwa mkia!", Baba akaja mbio na shoka mkononi, akakuta kadudu kadogo kama punje ya ufuta, kana magando mawili kama nge kamili lakini nyuma ni butu, hakana mkia wala mwiba, ukikagusa kanarudi kinyumenyume kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Mgongoni kalikuwa na madoa mawili meupe, na Baba, aliyebandua magome miaka yote ile bila kukaona, akaamini hakuna mtu duniani aliyewahi kukaona, akamwambia, "Huyu ni wako, mama, tutampa jina lako."

Wiki chache baadaye dada alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na kitandani alikuwa akiuliza, "Nge wangu ameshapata jina?", Baba akimjibu, "Bado kidogo, mama, bado kidogo," mpaka tarehe 19 Aprili 2003 alipofariki, akiwa na miaka minane, na jina halijapatikana.

Walipomzika, Baba alikataa kibao kisiwekwe kaburini, akawaambia wazee kwamba jina la binti yake litaanza kwa nge, ndipo lije pale, na kwa miaka kumi na tisa kaburi lile lilibaki tuta tupu, mama akipalilia majani na kurudi nyumbani. Baba akaning'iniza kioo cha kukuzia shingoni, akawa kila gogo lazima alikague kwanza, akiwaweka nge wake kwenye vichupa vya spiriti na kuwatuma chuo kikuu kwa mtaalamu mmoja wa wadudu, mama wa makamo, awatafutie jina, wenzake wakambandika jina la Mzee Magome, wakimuuliza kila asubuhi, "Mzee Magome, ng'ombe wako wamezaa?", naye akijibu wamezaa, njoo ukamue. Nyumbani vichupa vilijaa chini ya vitanda, lakini habari za dada hazikusemwa, hakuna aliyezikataza na hakuna aliyethubutu, na mimi niliyekuwa hai, nina meno yote na mbwembwe zote, nikitaka Baba aniangalie usoni ilibidi niingie na gome mkononi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2018, vumbi la mbao halisamehe, na tarehe 24 Oktoba 2022 alilazwa akiwa anapumulia oksijeni. Jumatatu ya tarehe 7 Novemba yule mtaalamu alipiga simu, nikaipokea mimi, akaniambia kwamba hatimaye amemkuta kwenye kitabu cha zamani, nge wa madoa mawili anajulikana, alipewa jina hata kabla Baba hajazaliwa, na jina hilo halibadilishwi, mama akanivuta shati, "Usimpe, mwanangu, mwache aende na tumaini lake," na mimi nikampa.

Tangu Ijumaa nasikia minong'ono huku nyuma kwenye masufuria ya chai, kwamba simu ndiyo iliyomuua mzee, kwamba msomi kammaliza na yule mtoto mwenye mdomo ndiye aliyempa kisu, basi nimesikia, na jibu ninalisoma mbele yenu wote. Baba aliirudisha simu, akageukia ukutani, kisha akamuuliza mama, "Unakumbuka alivyokuwa anaiba sukari?", mama akamjibu, "Na kukusingizia wewe." Ndipo wakaanza, jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyokuwa mwongo, jinsi alivyoning'ata mkono nikiwa mchanga, alama ninayo na siku zote niliambiwa ni mbwa, na Baba akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, kilio kibaya, cha makohozi, muuguzi akaja akidhani ana maumivu, na kweli alikuwa nayo. Kilichomuua Baba ni kifua, madaktari wamesema na wameandika, simu ile ilimuua dada tu, ambaye kwa Baba alikuwa bado hajafa.

Siku zilizobaki alimzungumzia dada tu, nge hakuwataja tena, na Alhamisi akaniagiza nipasue vibao viwili, cha dada kisimikwe kwanza. Alifariki Ijumaa tarehe 11 Novemba 2022, alfajiri, mama akiwa amemshika mguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani kwa viti, maji na mabega yenu, wafanyakazi wenzetu mliosimamisha kazi siku nzima ili mtengeneze jeneza, na mtaalamu mwenyewe, aliyesafiri na basi usiku kucha, yule pale safu ya mwisho mwenye miwani, mwenye neno naye aanze na mimi.

Sasa tutakwenda makaburini, na kibao cha dada kitasimama kabla Baba hajateremshwa, jina lililoandikwa juu yake atalisoma mama kwa sauti yake, hajalitamka mbele za watu tangu mwaka 2003, tunaomba mtulie mpaka amalize, hata akichelewa.

Pumzika kwa amani, Baba. Na wewe, Dada, ambaye hukuwahi kuambiwa neno hili, pumzika kwa amani.