Jina la Mpiga Ngoma

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limefuta mashamba na barabara, basi la kutoka Oyo likawa kama linaelea kwenda Ibadan. Mwalimu Adeagbo, kitabu mapajani, alikuwa akimweleza mama aliyekaa kando yake kwamba Profesa Olatubosun anaaga chuo leo.

"Miaka arobaini anaandika habari za wafalme wetu, mama! Nakwenda anitilie sahihi kitabu chake hiki."

"Namjua. Alilala kwetu miezi mitatu. Baba yangu, Ayandokun, alimtajia kwa mlio wa ngoma majina ya wafalme wote mpaka mikono ikavimba. Hebu nisomee alivyomtaja."

Adeagbo akafunua kwa furaha, na furaha ikapungua kila ukurasa. Mwisho akasoma polepole: "'Mpiga ngoma mzee, Oyo.'"

"Basi, hayo tu?"

"Ndivyo vitabu vilivyo, mama. Bila profesa tusingekuwa na historia."

"Na bila baba, yeye angekuwa na nini? Kwetu mpiga ngoma hamsifu mfalme kabla ya kumtaja aliyemfundisha. Ukimruka, wenzako wanakupokonya ngoma."

"Utamwaibisha mzee wa watu siku ya kuagwa?"

"Nitapiga magoti nimsalimu vizuri. Kisha nitamwuliza."

Basi likasimama kwenye lango la chuo. Adeagbo hakuinuka. Kalamu aliyomletea profesa ilikuwa mkononi mwake, imeshagusa ukurasa pale penye mpiga ngoma. Mama akaufunika mkono wake.

"Usimwandikie jina la baba, mwanangu. Aandike mwenyewe."